Ukili Nilioukata

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azungukezunguke. Arobaini yako imepita, wageni wamerudi kwao Maparoni, masufuria ya kuazima nimeyarudisha, nami nimerudi kufundisha darasa la tatu hapa Kibiti kana kwamba hakuna kilichotokea.

Daftari bado ninalo. Lile uliloliita jalala langu, kwa kuwa kila siku nabandika humo kilichopita mkononi, kipande cha kanga, pumba za mpunga, tope la mtoni, kisha nachora na kuandika juu yake. "Leo umeokota nini?" ndiyo ilikuwa salamu yako ulipokuwa kwangu unaumwa. Sasa hakuna anayeuliza.

Daftari limenifundisha, ingawa si niliyoyatarajia. Tope likipakwa nene linapasuka na kudondoka. Sharti lipakwe jembamba, siku baada ya siku. Rangi ya magome ya mkoko wa mkandaa inazidi kukolea hata ukishafunga ukurasa. Na ile gundi ya uji wa muhogo niliyojidai nimeigundua, unakumbuka? Mende walitafuna kurasa za kumi la kwanza la Ramadhani zote. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Mwanangu, umewapikia futari."

Kuna jambo nimekuficha. Ule ukili, utepe wa ukindu wa kushonea mkeka uliokuwa unausuka kitandani mpaka vidole vikakataa, nimeukata. Siku ya pili baada ya kukuzika sikuwa na la kuandika, nikachukua mkasi, nikakata kipande, nikabandika. Kesho yake tena. Na sikufunga ncha. Mimi, mtoto wa msusi wa mikeka, nikakata ukili bila kufunga ncha! Sasa vipande vyote vinafumuka. Nikifungua daftari, ukindu unanidondokea mapajani.

Mdogo wangu Mwanahawa alitaka tuushone ukili huo uwe msala wa kuswalia. Kila alipopiga simu nilimwambia nautafuta. Juzi nikaupima uliobaki, haufiki hata mkono mmoja. Nililia kwa hasira, Mama. Nilidhani nakuhifadhi, kumbe nakumaliza kidogo kidogo.

Jana nikampigia, nikamwambia yote. Akasema, "Kwani dada, umesahau kusuka?"

Nilikuwa nimesahau, karibu. Tangu nimalize shule sijashika ukindu. Nikalowesha, nikaunganisha pale ulipoishia wewe, nikasuka shubiri moja, nikafumua, nikasuka tena. Mgongo unaniuma. Ukili wako umebana na umenyooka, wangu umelegea na unakwenda upande. Nimeuacha hivyo hivyo.

Leo sikubandika kitu. Nimechora tu mahali mkono wako unapokoma na wangu unapoanzia. Ukurasa umebaki mweupe sehemu kubwa, na haukunitisha.

Pumzika, Mama, kwa rehema zake Mola. Mkasi nimempa jirani, sitakata tena. Nitasuka kila siku kidogo, hata nikirudi kutoka shuleni nimechoka kama leo, mpaka msala utimie. Kipande chako nitakishona mbele, pale pa kusujudia. Ni kifupi, lakini paji la uso litaenea.

Mwanao