Mbolea ya Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Leo mwethya, kikundi chetu cha kuchimbiana mashamba, ulikuwa kwa Kaveke. Tumechimba matuta mpaka mgongo ukaita mama. Udongo wake umejaa nyuzi za magunia ya plastiki yaliyokuja na mbolea — kama kichwa cha mzee aliyenyolewa vibaya. Bibi shamba alisema zikisagika hakuna mkono utakaozitoa. Nikasimama. Sheria! Mbolea ichambuliwe nje ya lango. Ukiingiza plastiki, mwethya hauchimbi kwako. Makofi. Jirani yangu Mutisya eti nimekuwa serikali. Nikamwambia serikali ilipiga marufuku majuala ya plastiki na mbuzi wake bado anayakunya. Akarudi kwa jembe lake.

Alhamisi, 9 Oktoba
Binti yangu Kalekye amepiga simu. Bwana yake, Kaloki, ananiletea lori ya mbolea kesho kutwa, kutoka soko la mbuzi Kabati. Zawadi. Nikauliza kama ni safi. Akacheka: mama, mavi yatakuwaje safi? Nikasema plastiki, mjinga wangu. Akashusha sauti. Kisha: usimwaibishe, mama.
Zawadi ya mkwe hairudishwi. Najua! Nani alimfundisha?

Ijumaa, 10 Oktoba
Jumatatu mwethya ni kwangu. Mvua wameiona upande wa Nuu. Bila matuta, shamba langu lote litashuka mtoni. Kaveke amepita akinicheka: “Mbula, hiyo sheria yako ina meno, ama ni ufizi kama wako?” Mbwa huyu. Nimempa uji, akamaliza sufuria.

Jumamosi, 11 Oktoba
Lori imefika. Nimetia mkono — majuala, vifuniko, nusu ya kandambili! Dereva anasema hiyo ni kawaida. Kawaida ya nyanya yake.
Kaloki yuko nyuma ya lori, kofia mkononi, macho chini. Mkwe na mama mkwe hatuangaliani, hatupitani njiani. Ndiyo mila.
Basi nimeleta kiti. Nimekaa katikati ya lango, mgongo kwao. Hawezi kunipita. Hawezi kuniambia nitoke. Zawadi sijakataa — nimekaa tu! Nimemtuma dereva: mwambie mkwe wangu asante sana, Mungu amzidishie, lakini magoti yangu yamekataa kuinuka, mbolea ishushwe hapo nje, na chekeche la kuichambua limeegemea ua.
Dereva amepaza sauti: “Bosi, shosho anasema magoti yamegoma!”
Simu inalia, ni Kalekye. Iendelee kulia. Naandika hapa hapa kwa kiti.
Injini imezimwa. Kaloki amevua koti. Sijui ni jua, sijui ni nini. Anaenda upande wa ua, penye chekeche.
Siangalii.
Naangalia kidogo.