Mbavu za Kondoo kwa Mama

Foa, Ha'apai, Tonga
12 Machi 2011

Mdogo wangu Fe'ao,

Salamu kutoka nyumbani. Wewe na mkeo Mafi hamjambo? Maisha ya Auckland yanawatendeaje? Sisi tu wazima wa kuandika barua; uzima wenyewe nitakueleza. Nimeandika kwa sababu kwenye simu Mama husikiliza kila neno, na leo sitaki asikie.

Pipa lako limefika: makopo ya nyama, tambi, biskuti. Na zile boksi mbili za sipi nazo zimefika. Mama alizipokea hizo mbavu za kondoo, mafuta matupu, kama anayepokea mjukuu. Kidonda chake cha mguuni kina miezi minne, hakitaki kufunga. Sukari yake inanitisha mimi muuguzi. Nikimkanya ananijibu, "Mwanangu kanitumia, niwape mbwa?"

Juzi nilikwenda shuleni kupima watoto. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa binti yako Lavinia. Alikataa kupanda mizani. Wenzake wakaanza, "Mwacheni, ataivunja!" Na waliokuwa wakicheka ni wanene vilevile. Nikampima peke yake chumbani kwa mwalimu. Miaka kumi na mmoja, kilo sabini na nne. Alilia bila kutoa sauti.

Ulimwacha mtoto kwa bibi yake ukaenda kutafuta. Haya, umepata, na kwa hicho unachopata unatulisha sumu. Acha. Tuma viatu. Tuma nyavu. Chakula usitume tena.

Dada yako,
Kalolaine

*

Auckland
3 Aprili 2011

Dada Kalolaine,

Barua nimeipata. Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila mgongo unanisumbua. Natumaini nanyi hamjambo.

Sumu? Nasimama saa kumi kwa siku kwenye kiwanda cha nyama, kisu mkononi, vidole vimekufa ganzi, ili mama yangu ale ashibe, nawe unaniita mlisha sumu! Unataka majirani waseme Fe'ao kavuka bahari kamsahau mama yake? Nitume nyavu, nani avue? Samaki wenu mnawauza mjini Nuku'alofa, kisha mnarudi nyumbani na kopo la nyama. Hilo nalo nimelifanya mimi?

Sisi ni watu wakubwa tangu enzi za mababu. Babu alibeba mtumbwi peke yake begani. Nani katufundisha kwamba mwembamba ndiye mzima? Na wewe unayepima watoto wa watu, lini mara ya mwisho ulipanda hiyo mizani? Ulipokuja huku, mkanda wa kiti cha ndege ulikutosha, au walikuongezea kipande?

Pipa jingine linakuja Mei.

Ndugu yako,
Fe'ao

*

Foa
20 Septemba 2011

Fe'ao,

Hujambo? Mafi hajambo? Nauliza kwa adabu, si kwa hamu.

Nimenyamaza miezi mitano. Tangu tulipobalehe hujawahi hata kukaa chumba kimoja nami tukatazama televisheni, kwa heshima ya ndugu wa kiume kwa dada yake. Leo unaupima mwili wangu kwa kalamu. Ndiyo, waliniongezea kipande. Niliona aibu safari nzima. Umefurahi?

Sasa sikiliza. Mama amekatwa mguu wa kushoto chini ya goti, Nuku'alofa, tarehe mbili Agosti. Alinikataza nisikuambie, akisema utaacha kazi. Na Lavinia alianza kunywa maji kama mwenye homa, na darasani kazi yake kusinzia. Nikamtoboa kidole. Nilirudia mara tatu nikidhani kifaa kimeharibika. Hakikuharibika. Mtoto ana kisukari, Fe'ao. Mtoto wa darasa la sita.

Kuhusu samaki umesema kweli. Tunawauza, na tunajua tunachofanya, na Jumapili baada ya ibada mimi mwenyewe nilikuwa narudia sahani ya tatu mchungaji akinisifu. Sijitoi lawamani.

Ila nina swali moja, unijibu kama mwanamume. Hao wenyeji unaofanya nao kazi, hizo mbavu wanazila?

Kalolaine

*

Auckland
9 Oktoba 2011

Dada yangu mpendwa,

Nakuandikia nimeketi sakafuni, kama ambavyo ningeketi mbele yako. Shikamoo. Mama anaendeleaje? Mwanangu je?

Hawazili.

Pale kiwandani paja la kondoo linakwenda upande huu, tumbo na mafuta yake upande ule, kwenye boksi. Mwaka wangu wa kwanza nilimwuliza msimamizi, "Hizi zinakwenda wapi?" Akasema, "Visiwani kwenu, mnazipenda. Huku tungewapa mbwa, ila daktari wa mbwa angetugombeza." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, dada. Miaka tisa nimezifunga boksi hizo, na zangu nikazinunua nikampelekea mama yangu, nikajiona mtoto mwema.

Siku niliyoipata barua yako nilikaanga kipande. Kesho yake mchana nikamwekea msimamizi mezani.

"Kula."

Akadhani utani. "Nimeshashiba, bwana."

"Kula. Si unasema tunazipenda? Onja tunachokipenda."

Akaisukuma sahani. Nikairudisha. Akaisukuma tena ikaanguka, akaita walinzi. Sina kazi. Mafi kanuna siku mbili, halafu akasema ningemmwagia kabisa.

Yale niliyoyaandika juu yako, nisamehe.

Ndugu yako mkosefu,
Fe'ao

*

Foa
28 Januari 2012

Mdogo wangu,

Pole, na mimi nipe pole. Najua nauli ndiyo iliyokuzuia kuja kumzika Mama, hakuna anayekulaumu. Kwenye simu nililia tu. Haya sikuyasema.

Mwezi mzima aliniomba sipi. "Kipande kimoja tu, Kalo. Nimekatwa mguu, sikukatwa ulimi." Nilimchemshia samaki na majani ya magimbi, akageukia ukutani. "Fe'ao ananipenda. Wewe unanihesabia matonge." Hakuniambia neno jingine mpaka alipokata roho.

Siku ya maziko mjomba Vaiola akaleta boksi kumi na tano za kuwalisha waombolezaji. Nikasimama mlangoni mwa jiko. Nikasema, "Hiki ndicho kilichomuua, na hamtakila juu ya kaburi lake!"

Mjomba akasema mbele ya watu wote, "Umemnyima mama yako, sasa unawanyima hata wanaomlilia?"

Nikatoka mlangoni. Boksi zikafunguliwa, watu wakala. Nilipogeuka nikamwona Lavinia, sahani mkononi, anatafuna huku akinikazia macho. Nikamwambia aweke chini. Akasema, "Shangazi, bibi alikufa na njaa."

Nimekasirika mpaka sijui nimkasirikie nani. Usithubutu kuniambia nilifanya vema.

Dada yako,
Kalolaine

*

Auckland
15 Februari 2012

Dada yangu,

Shikamoo. Mungu akutie nguvu, na makiwa kwetu sote.

Sikuambii ulifanya vema. Nakuambia jambo jingine. Siku mbili kabla hajafa, Mama alinipigia simu. Nilidhani anataka kuniaga. Alitaka boksi. "Dada yako ana roho mbaya. Nitumie wewe."

Nikamwambia, "Mama, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki, Mama."

Akakata simu. Nilipiga mara nne, hakupokea.

Kwa hiyo usilibebe hilo peke yako. Tulimnyima wote wawili, akaondoka ametununia wote wawili.

Mafi ameuza gari. Tunarudi, na si kwa matembezi. Lavinia ni mwanangu. Nilimtumia makopo nikauita huo ubaba. Akitaka mtu wa kumkazia macho, anikazie mimi.

Ndege inatua Alhamisi, tarehe kumi na tano Machi. Najua mjomba ataanza kuandaa karamu ya kunipokea. Mwambie Fe'ao amekataa. Mwambie kanisani, watu wakiwa wamejaa, na useme maneno ni yangu. Wala usishushe sauti.

Ndugu yako,
Fe'ao