Shingo ya Pikipiki Iliyopakwa Rangi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwalimu mstaafu wa ufundi wa mitambo, miaka 68. Kazi ya sasa: msanifu wa pikipiki. Makazi: nyumba iliyopakana na karakana.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikisanifu pikipiki ya njia mbovu, nyepesi, ya kuruka mitaro na kupanda mawe. Wenzangu ni shemeji yangu, mume wa dada, mwenye karakana. Mwanawe, yaani mpwa wangu, anayeiendesha. Na fundi wa kuchomelea tunayemwita Miwani.

Afande, fremu haikatiki ghafla. Huanza na ufa mwembamba kama unywele. Ndiyo maana kwetu fremu ya majaribio haipakwi rangi. Viungo tunavipaka chokaa. Chuma kikipasuka, chokaa huchora mstari.

Mnamo tarehe 14, Ijumaa, saa 10:20 jioni, Miwani aliniita. Shingo ya fremu, pale usukani unaposhikwa, ilikuwa na mstari wa sentimita mbili. Tatizo lilikuwa bomba jembamba nililochagua mimi, si mkono wake. Alitaka kuikata na kuibadilisha palepale. Nikamwambia tungoje Jumatatu, nirekebishe mchoro kwanza. Shemeji alikuwepo, alisikia.

Jumamosi saa 3:05 asubuhi nilikuta chokaa imefutwa na fremu inang'aa rangi ya chungwa. Wanunuzi walikuwa njiani. Nilimuuliza shemeji. Akasema, "Bwana shemeji, bibi harusi hatolewi ukumbini kapakwa chokaa. Ni mara moja tu, wapige picha." Nikamweleza kwamba rangi haiungi chuma. Akacheka, akasema mimi nimestaafu lakini ualimu wangu bado uko kazini.

Saa 4:15, mbele ya wanunuzi, mpwa aliruka mtaro wa kwanza salama. Kwenye wa pili shingo ilikatika. Amevunjika paja, yuko wodini.

Tangu siku hiyo Miwani yuko mahabusu, eti alichomelea vibaya. Nimekuja hapa mara tatu kueleza, naambiwa nisubiri benchini. Jana dada aliniambia, "Kaka, Miwani hana mke wala mtoto. Mimi nina mgonjwa. Na mume nimpoteze?" Najibu hapa: aliyefuta chokaa ni mumewe.

Niliyoyashuhudia yanaishia hapo.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Tarehe 17, saa 7:40 mchana, nimemsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Kabla ya kusaini aliomba niongeze hili: "Mpwa alipovaa kofia ngumu aliniuliza, 'Mjomba, iko tayari?' Wageni walikuwa wanatutazama. Nikaitikia kwa kichwa."