Mguu Uliohesabiwa Hadi Kumi na Nane

Muscat

Mdogo wangu Nasimiyu,

Habari za hapo Misikhu? Natumaini mvua imewapa nafasi ya kupalilia, na kifua cha bibi yetu Kukhu kimetulia. Mimi ni mzima wa mwili. Yule mama mzee ninayemtunza bado ni mkali, ila siku hizi ananiita kwa jina.

Lakini leo sikuandikii habari zake. Ile video uliyonitumia nione maendeleo ya Mama, nimeitazama mpaka simu ikapata moto.

Najua ni mimi niliyemwomba Wekesa atoke Kitale kila Jumamosi aje aangalie goti la Mama. Nina mchumba fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ningemwachaje mama yangu achechemee? Akaniambia kwa simu, "Nafula, nitamshika goti aje, na ni mama mkwe wangu?" Kweli, tangu wazee wa kwao waje kwetu kuniposa, yeye na Mama kwa mila hata mkono hawapeani. Nikajibu upesi, najiona mwenye akili: si Nasimiyu yuko, amwonyeshe yeye, kisha yeye amfanyie Mama. Majuto ni mjukuu.

Kwenye video umelala mkekani. Mama yuko nyuma ya pazia la jikoni, anasikika sauti tu. Wekesa amekushika kisigino, anaeleza: kaza paja, inua, hesabu kumi, shusha. Halafu Mama awe anaketi na kusimama mara kumi asubuhi na jioni, na atembee kila siku, asiogope maumivu kidogo. Ushauri mzuri. Fizio anayekuja hapa husema hayo hayo, ila kumi yake ni kumi. Mguu wako, Nasimiyu, nimeuhesabia mara tatu: kumi na nane. Na wewe unacheka. Mazoezi ya goti yanachekesha wapi?

Nina wivu, sikufichi. Husemwa wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi sare ya kazi imeanza kunipwaya. Huku nakanda miguu ya mama wa wenyewe. Huko mama yangu anakandwa na wewe, na mchumba wangu ameshika mguu wako.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Halafu jana nikampigia Mama kumuuliza goti.

"Goti lilipona kitambo," akasema. "Ata juzi nimeenda soko kwa miguu na nimerudi. Huyo kijana Mungu ambariki, hajakosa Jumamosi hata moja."

Sasa nieleze wewe, taratibu, maana ni damu yangu na sitaki kukukosea: Jumamosi iliyopita alikuja kumfundisha nani?

Msalimie Mama, na Kukhu, na mjomba wetu wa Tuwan akipita hapo. Wekesa usimpe salamu zangu. Nimeomba ruhusa ya kuja nyumbani na nimepewa, nitampa mwenyewe.

Dada yako,
Nafula