Sharubu kwenye Muheme

Ijumaa jioni, Nzuguni

Na sharubu nilizichora kwa bidii! Wapiga ngoma wanne ukutani, wote wanaume, wa mbele ana kitambi changu.

Wiki nzima nimepaka ukuta wa soko kuisifu timu ya mji na mashabiki wake Wagogo. Leo asubuhi Bibi Nyemo, kiongozi wa wapiga ngoma wa jukwaa la mashabiki, akaja kuukagua.

"Hawa ni akina nani?"

"Ni nyie, bibi. Mnapiga muheme."

"Muheme ni ngoma ya wanawake, baba. Siku zote tuko jukwaani, wewe huwa unaangalia nini?"

"Mpira, bibi."

Hakucheka. Alisema kesho kwenye uzinduzi wa ukuta hawaleti ngoma. Bila wao, nitakuwa nimezindua sharubu zangu.

Nikamwomba akae nichore upya. Alikaa juu ya ndoo ya rangi hadi alasiri, uso mkavu. Sharubu zikafutika, kanga na shanga zikaja. Nikajiona nimepona.

Akainuka, akatazama. "Sura ni zetu. Mikono bado ni ya wanaume wanaogonga mlango. Alfajiri nitapita. Nikiikuta hivi, ngoma zinabaki nyumbani."

Nyumbani nikabana ndoo tupu katikati ya mapaja, nikawa naipiga huku natazama vidole vyangu. Mke wangu, Mgogo wa Kibakwe, akashindwa kuvumilia. Akaninyang'anya ndoo, akaipiga.

Miaka ishirini naishi naye, sijawahi kumwona akipiga. Sijawahi hata kumuuliza.

Nimeichora mikono yake kwenye karatasi mara tatu. Bado haijakaa sawa. Nimemwomba apige tena.