Pampu za maonyesho

Saa nne na nusu, katikati ya mkutano wetu wa pumu kwenye mtaa mmoja maskini, mbele ya wafadhili, kifua cha binti wa fundi cherehani mmoja kilianza kupiga filimbi.

Dada, huwezi kuamini. Mama yake alikimbilia meza yetu, akanyakua pampu ya kuvutia dawa ya pumu. Mratibu wetu akamshika mkono: “Mama, hizo ni za maonyesho. Hazina dawa.”

Hazina dawa! Mimi muuguzi mzima nilibonyeza tatu. Hewa tupu.

Zahanati ya mtaa ule haina pampu hata moja. Ng’ambo ya barabara, kwa matajiri, kila shule inayo. Ndiyo tofauti tuliyokwenda kuipunguza. Mkono mtupu haulambwi, sisi tumekwenda kuulambisha mtaa mzima.

Midomo ya mtoto ilikuwa inageuka buluu. Jirani yao, ambaye mratibu alikuwa amemkatiza kwa “shangazi, maswali mwishoni,” alichomoa pampu ya mwanawe kwenye mkoba. Mtoto akavuta. Akavuta tena. Rangi ikarudi.

Mratibu akashika kipaza sauti: “Mmeona, ndugu zangu? Huo ndio ushirikishwaji wa jamii!”

“Huo ndio,” dada. Alisema hivyo.

Wafadhili wakapiga makofi.