Kasuku Aliponitapikia Mkononi

Yaya Ngoie, mkubwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Nchelenge, huku Zambia, na Mungu akukute una nguvu, wewe na watoto. Mgongo wa mama umetulia? Mkatazeni kubeba ndoo kichwani, hata akigomba. Mimi mwili ulikuwa mzima hadi jana. Moyo ndio hauna amani, yaya, na hapa sina wa kumwambia.

Unajua napika kwa Ba Mwansa, yule bwana mjane anayenunua samaki kule Mununga. Habari ya kasuku wake sikukueleza, niliogopa utanicheka. Tangu kaka yake afe ghafla baada ya kula msibani, watu wakinong'ona kwamba ni sumu, Ba Mwansa hali kitu kabla kasuku hajakionja. Nabeba bukari, ugali wetu ule ule, na mboga mpaka barazani, namega donge dogo, nampa Shefu, ndilo jina la ndege, kisha sote wawili tunamtazama. Akitulia, bwana ananawa mikono.

Kwa hiyo nimemsoma huyu ndege kuliko ninavyosoma Biblia, Mungu anisamehe. Akiinamisha kichwa na kuvimbisha manyoya ya shingo, anataka kukunwa. Akisaga mdomo polepole, kasimama kwa mguu mmoja, ameshiba na usingizi unamjia. Manyoya yakimlala mwilini na shingo ikirefuka, ana hofu, labda ameona mwewe. Mboni zikiwa ndogo, kubwa, ndogo, usipeleke kidole. Hilo nilifundishwa na kidole changu mwenyewe, na kovu ninalo.

Juma lililopita nilipika sombe, majani ya mihogo kama ya mama. Shefu akala, akatulia kidogo. Mara mboni zikaanza kucheza, kichwa kikapanda na kushuka, shingo ikajinyonga, akaitapika bukari yote kiganjani mwangu.

Ba Mwansa aliruka hadi kiti kikaanguka.

"Iwe, weye Feza! Umetia nini mu sombe?"

"Hakuna kitu, patron, naapa kwa Mungu!"

"Nani amekutuma? Ni ba ndugu yangu? Sema!"

Akafunga geti, ufunguo akautia mfukoni. Majirani wakasikia kelele, wakajaa ukutani, na mama mmoja akasema kwa sauti, "Hawa ba Congo, dawa yao iko nguvu." Unajua mpishi anayeshukiwa sumu, tena mgeni, hufanywa nini kabla polisi hawajafika. Niliona nitazikwa huku nanyi msijue kaburi liko wapi.

Nikamtazama Shefu, maana sikuwa na mwingine wa kumtazama. Ndege mgonjwa hujikunja, akavimba manyoya na kufumba macho. Huyu alisimama wima, anapanda mkono wangu, anautafuta mdomo wangu ili anitapikie tena. Nikawakumbuka njiwa wa baba.

"Patron, haiko mugonjwa," nikasema. "Inanilisha. Njiwa inafanyaka hivi kwa mutoto yake, ao kwa bibi yake."

"Ati nini?"

"Inanipenda, patron. Lete ile sombe, miye nitakula."

Nikala bakuli zima mbele yao wote. Tukangoja. Jua likahama barazani. Nilipoendelea kuwa hai, majirani waliondoka mmoja mmoja, wengine wamenuna kama watu walionyimwa nyama ya harusi.

Nikashukuru Mungu, nikadhani yamekwisha. Kesho yake nikaleta chakula na kumega donge la Shefu. Ba Mwansa akanishika mkono.

"Awe, hapana. Ile ndege inakupenda sana, haiwezi tena kazi. Kuanzia leo utaonja weye, na miye nitakuangalia."

Ndivyo ninavyoishi sasa. Nakaa mbele yake nameza, naye ananitazama macho, jasho, koo. Nikikohoa, anasukuma sahani. Juzi kwikwi ilinishika, akasimama na mkono ukaenda kwenye mfuko wa ufunguo. Sithubutu hata kujikuna. Naogopa pia yale anayoyaogopa yeye, kwa maana mafuta na samaki natoa sokoni, na sijui mikono iliyovigusa kabla yangu. Na kama kweli yuko mtu anayetaka kumwua Ba Mwansa, nitatangulia mimi. Nimefikiri kuondoka. Lakini nikikimbia watasema kumbe ilikuwa kweli, na ziwa la kuvuka kuja huko kwetu ni pana, yaya, mtu hufikiwa kabla hajapata mtumbwi.

Msalimie mama, ila usimsomee barua hii. Mwambie mjomba katekista aniombee kwa jina langu, si pamoja na wasafiri wote. Msalimie shangazi anayeuza makaa, na shemeji, na wale watoto wako watundu.

Nimalizie hapa. Tangu asubuhi mifupa inaniuma, na baridi inanitetemesha juani. Ni malaria tu, naijua, kama ile tuliyougua pamoja utotoni. Lakini chakula kimeiva na Ba Mwansa ameshakaa barazani, ananiita. Nimevaa sweta mbili ili asione ninavyotetemeka.

Mdogo wako akupendaye,
Feza